Muulize Ami: Kuku wamekwisha wote na jirani haniongeleshi

Meseji za mwezi huu nyingi ni kilio kimoja, kuku wanakufa, na zimetoka kwa watu wanaofuga uani Lamu mjini na Malindi, kuku kumi, kumi na tano, mwenye wengi ana ishirini. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu manake huo ndo ugonjwa unaotumalizia kuku pwani hii mwaka baada ya mwaka na bado watu wanasema ati ni upepo umepita. Si upepo. Zingine nitazijibu kwa kadiri ya uzito wake.

Shikamoo Ami. Mimi niko Langoni, Lamu. Nilikuwa na kuku kumi na wanane wa kienyeji. Wiki iliyopita niliongeza majogoo wawili, nilinunua Mokowe nikavuka nao kwa boti. Siku ya nne mmoja akaanza kuzubaa, mbawa chini, anaharisha kijani, alafu mwingine shingo ikapinda, sasa nimebaki na wawili tu. Niliwapa pilipili na shubiri na antibiotiki zilizobaki za mtoto, wapi. Jirani yangu tunaopakana ukuta naye ameanza kupoteza wake na haniongeleshi. Hawa wawili niwachinje? Na mtaani nitaishi vipi? – Mama wa Langoni

Marahaba mwanangu, pole sana. Kuku kumi na wanane uani si kitu kidogo, hiyo ni mboga ya wageni, ni pesa ya haraka mtoto akiugua, ni mayai ya asubuhi. Kwa dalili ulizoandika, kuzubaa, choo cha kijani, shingo kupinda, na kufa wengi kwa siku chache, hicho ni kideri, wengine wanakiita Newcastle. Daktari wa mifugo ndo wa kuthibitisha, na nakuomba umpigie hata kama kuku wamekwisha, manake kideri kinatakiwa kuripotiwa ofisi ya mifugo ya kaunti ili mitaa mingine ijue mapema.

Kideri ni virusi na hakina dawa. Pilipili, shubiri, majivu, antibiotiki, hakuna hata kimoja hapo kinachoua virusi, na zile za mtoto tafadhali usiwape kuku tena, hazisaidii na zinazoesha vijidudu vingine dawa ambayo kesho tutaihitaji sisi wenyewe. Ugonjwa huu ulijulikana mwaka 1926, sehemu mbili mwaka mmoja, kisiwa cha Java huko Indonesia na mji wa Newcastle huko Uingereza ambao ni mji wa bandari, na sisi Lamu kila kitu chetu kinakuja kwa chombo, kuku pia. Kuku akipata virusi leo anaweza kukaa siku mbili mpaka wiki mbili kabla hajaonyesha chochote, mara nyingi ni siku tano sita, kwa hivyo wale majogoo ulipowashika pale Mokowe walikuwa wazima machoni na huenda tayari wamebeba. Au tenga ndo lilibeba. Virusi inakaa kwenye mavi, kwenye ute wa pua na mdomo, kwenye manyoya, kwenye viatu, kwenye trei za mayai, na tenga moja pale jeti linapita mikono mingapi kwa siku.

Ndo maana kuku mgeni haingii kwa wenyeji siku hiyo hiyo. Akae kando wiki mbili mpaka tatu, na chombo chake cha maji, na wewe uhudumie wako kwanza ndo uende kwa mgeni, si kinyume. Najua nyumba zetu ua ni mdogo lakini hata pembe ya juu darini inatosha, au umuombe jamaa asiyefuga akukalie naye.

Sasa waliokufa. Usiwatupe ufuoni, nasema hili kwa uchungu manake naliona kila msimu, mtu anatia kuku watano kwenye gunia anaenda kuwatupa kando ya bahari, kunguru na paka wanapasua gunia, kipande kimoja kinaangushwa Mkomani kingine Gadeni, na wiki ya pili mji mzima unalia. Wachomwe au wazikwe shimo refu na chokaa juu. Wala usimchinje anayeumwa ukagawa nyama, yale maji ya kunyonyolea na yale matumbo ndo yanayosambaza. Na wewe unapowashika nawa mikono kwa sabuni na usijiguse macho, binadamu kwa kawaida kideri hakimuui lakini kinaweza kumpa macho mekundu siku kadhaa.

Hao wawili waliobaki, kama wanakula na kunywa vizuri, mimi singewachinja. Kuku aliyepona kideri anakuwa na kinga, lakini anaweza kuendelea kutoa virusi kwa wiki kadhaa, kwa hivyo wafungie, usiuze, usimpe mtu. Osha banda kwa sabuni kwanza mpaka uchafu utoke, alafu dawa ya klorini, uache likauke juani, na usilete kuku mwingine kabla ya mwezi kupita.

La jirani. Nenda leo mwanangu, usingoje apoe. Mwambie ukweli kwamba ugonjwa ulianzia kwako, mwambie asiuze, asihamishe kuku kumpelekea dadake Wiyoni. Chanjo kwa wale wake ambao bado hawajaguswa anaweza kujaribu, ila ajue chanjo inataka kama wiki moja mpaka mbili ndo kinga ikae, na kuku ambaye tayari virusi imemuingia chanjo haitamuokoa, asije akasema chanjo ndo imewaua.

Na hapa ndo nataka wote mnisikilize, si Mama wa Langoni peke yake. Lamu mjini nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, vichochoro ni vyembamba, kuku wa huyu wanashinda mlangoni kwa yule, kwahivo mtaa mmoja ni kundi moja la kuku hata kama wana wenyewe kumi. Ukichanja wako tu na jirani hajachanja, virusi bado iko mlangoni kwako, na ule uzao mpya wa vifaranga ambao hawajapata chanjo ndo utakaoondoka. Alafu kuna jambo la chupa. Chanjo ya kideri inauzwa kwa chupa ya dozi nyingi, dozi mia na zaidi ni kawaida, na ikishachanganywa inatakiwa iishe saa chache tu, haiwekwi mpaka kesho. Mtu mwenye kuku wanane anaona anamwaga pesa, anaacha. Lakini mkiwa nyumba kumi mkachanga, kila mmoja anatoa kitu kidogo sana, chupa moja inazunguka mtaa asubuhi moja, imekwisha.

Ulizeni agroveti, yaani duka la dawa za mifugo, au ofisi ya mifugo chanjo ya I-2, hii ilitengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji vya nchi za joto na inavumilia joto kuliko zile za zamani, ingawa hata yenyewe haitaki jua, ibebeni kwenye flaski yenye barafu, kwa wauza samaki barafu haikosekani. Ni tone moja kwenye jicho moja, mkubwa na mdogo sawa, unamshika mpaka apepese macho tone liingie. Mrudie kila miezi mitatu au minne kama karatasi yake inavyosema. Ile ya kutia kwenye maji ipo pia ila usitumie maji yenye klorini, inaua chanjo yenyewe, na kuku wa uani hawanywi kwa usawa, kwa hivyo mimi nasema jicho. Muwe mmeshachanja si chini ya wiki tatu kabla ya Idi na kabla ya Maulidi, manake wakati huo kuku wanaingia mjini kutoka kila upande na ugonjwa unaingia nao.

Ami habari za siku, niko Maweni, Malindi. Kunguru wamenishinda. Kuku akitoa vifaranga kumi na mbili baada ya wiki hakuna hata mmoja, wanashuka wawili, mmoja anamchokoza mama, mwingine anabeba. Kuna mtu ameniambia nitege nyama yenye dawa ya panya. – Baba Vifaranga

Dawa ya panya usithubutu. Utaua paka wa watu, utaua mwewe na bundi wanaokusaidia na panya, utaua kuku wa jirani, na mtoto akiokota je. Hawa kunguru wa mjini si wa kwetu asili yao, ni wa Bara Hindi, waliletwa Unguja miaka ya 1890 wakasambaa pwani yote, na wanazaana kwa sababu ya taka zetu. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kupunguza kunguru milioni moja, na sumu ya kazi hiyo inatumiwa na watu wenye kibali na mafunzo tu. Wewe kazi yako ni kuzuia.

Malindi hukosi nyavu. Nenda kwa wavuvi uombe jarife kuukuu ambalo halifai tena baharini, ufunike ua mdogo juu na pembeni, macho ya wavu yawe madogo kunguru asipitishe kichwa, na mama na vifaranga wake wakae humo wiki sita mpaka nane. Nimeona watu wanaacha vifaranga nje wiki ya kwanza ati wazoee, hapana, wiki ya kwanza ndo kunguru anaowataka. Chakula chao wapewe ndani ya wavu, na yale matumbo ya samaki mnayosafishia nyuma ya nyumba yafukiwe palepale, kunguru akishajua kwako kuna karamu atarudi na wenziwe. Mayai nayo yaokote mapema, wanayabeba pia.

Usiku ni adui wengine, nguchiro, fungo, nyoka, na mwizi wa miguu miwili. Mlango wa banda ufungwe magharibi kabla hujaenda kuswali au kupika, si baada.

Salaam aleikum ndugu yangu, kuku wangu wana vidudu vyeusi vimeng'ang'ania kwenye kishungi na kuzunguka macho, ukivuta havitoki, kifaranga kimoja kimekufa. Wengine wanasema nipake mafuta ya taa. – Bi wa Shela, Lamu

Waaleikum salaam dada yangu. Hao ni viroboto wa kuku, jike lake linang'ang'ania ngozi halibanduki, linanyonya damu hapo hapo, ndo maana vifaranga wanaishiwa damu. Shela yote ni mchanga mkavu na huo ndo wanaoupenda, mayai yao yanaanguka chini yanakua mchangani, kwa hivyo ukitibu kuku ukaacha sakafu hujatibu kitu.

Mafuta ya taa usipake karibu na jicho, yanaunguza, kuku anaweza kupofuka. Paka mafuta ya mgando mazito juu ya viroboto, wakose pumzi, rudia baada ya siku chache. Siku hiyohiyo toa takataka zote za banda uzichome, fagia mpaka kwenye nyufa, uzipake kuta chokaa kizito, chokaa kwetu hakikosekani, na unyunyize sakafu dawa ya unga ya viroboto kutoka agroveti. Paka wako muangalie masikioni, viroboto hawa wanamkaa paka pia, na Shela paka ni wengi.

Ami, mimi niko Barani, Malindi. Kuku wangu sita walikuwa wakitaga vizuri, tangu joto lilipoanza wamepunguza, na mayai mengine yana ganda laini kama ngozi. Nawapa ng'onda na machicha ya nazi, chakula cha dukani ni ghali. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo. – Msichana wa Barani

Mwanangu hapo kuna mambo matatu yamekutana. Kwanza ng'onda ondoa leo. Samaki wa chumvi ni sumu kwa kuku, ukiongeza na maji ya kisima yenye chumvi ndo kabisa, kuku anakunywa sana, anaharisha maji, anavimba, anakufa na wewe unadhani ni ugonjwa. Dagaa wasiotiwa chumvi ni sawa, vichwa vya samaki vilivyochemshwa ni sawa, kidogo tu, ukizidisha mayai yananuka samaki na wateja watakukimbia. Maji tafuta ya mvua au ya kununua kwa hao sita, si mengi, kuku mmoja anakunywa kama robo lita kwa siku, wakati wa joto inaweza kufika nusu.

Joto nalo. Wakati wa kaskazi kuanzia Disemba mpaka Machi kuku anahema mdomo wazi, anakula kidogo, na kuhema kule kunamharibia ile kazi ya kutengeneza ganda, kwa hivyo yai linatoka jepesi. Banda liwe la makuti, si mabati matupu, upande wa upepo uwe wazi, maji ubadilishe saa sita na saa tisa yawe baridi, chakula wape alfajiri na jioni.

Machicha ya nazi ni mazuri ila yawe ya siku hiyo. Yakilala yanaingia ukungu na ukungu unaharibu ini la kuku, kama yamebaki yaanike juani yakauke kabisa. Lakini machicha na pumba peke yake havitoi yai. Kuku anayetaga anataka gramu kama 120 za chakula kwa siku na ndani yake madini ya chokaa ya kutosha, si chokaa ya ukutani. Ponda kaka za mayai ulizozikausha kwenye moto, au makombe ya pwani uyaoshe chumvi itoke uyasage, uweke kwenye kibakuli pembeni, mwenye kuhitaji atakula mwenyewe. Ukiweza nusu ya chakula iwe ya dukani ile ya kuku wa mayai utaona tofauti. Na usijilinganishe na picha za watu kwenye simu, kienyeji wa kawaida anayeatamia na kulea mwenyewe ni mayai kama 40 mpaka 60 kwa mwaka, akianza kunyonyoka manyoya atasimama kabisa kwa muda na hiyo si ugonjwa.

Ami, majirani Mkomani wanalalamika harufu na jogoo anawika saa tisa usiku. Nina kuku wanane na jogoo watatu. – Mfugaji wa Mkomani

Jogoo watatu kwa majike wanane ni wengi mno, mmoja anatosha majike kumi. Na kama unataka mayai ya kula tu hata huyo mmoja humhitaji, jike anataga bila jogoo, ila hayo mayai hayataanguliwa. Uza wawili wiki hii.

Harufu ni maji. Mavi makavu hayanuki hivyo. Nenda kwa mafundi wa seremala au wa majahazi uombe maranda, mwaga sakafuni unene wa vidole vinne, ugeuze mara kwa mara, pale chombo cha maji kinapomwagika ubadilishe kila siku, na mwezi wa mvua za mwaka usiruhusu paa livuje manake hapo ndo vifaranga wanaanza kuhara damu. Maranda yakichakaa yatie kwenye gunia, yalale miezi miwili mitatu alafu umpe jirani kwa michikichi yake au mchicha wake, yakiwa mabichi yanaunguza mimea.

Assalam aleikum. Tuko Siyu, kisiwa cha Pate. Baba alituachia kuku wa Kuchi, warefu, shingo ndefu, manyoya machache. Hawatagi sana. Ndugu yangu anataka tuwapandishe na kuku wa kisasa wote, na kuna mtu anataka kununua jogoo kwa pesa nyingi akawapiganishe. – Kijana wa Siyu

Waaleikum salaam mwanangu. Usiwapandishe wote, nakuomba sana. Kuchi ni kuku wa pwani hii, Lamu, Unguja na kwengineko, na watafiti wa vinasaba wameona ukoo wake unakaribiana na kuku wa Japani anayeitwa Shamo, yaani huyu alikuja na bahari zamani sana, akipotea Siyu hatupati wa kumrudisha. Kweli hatagi sana na vifaranga wake wanachelewa kuota manyoya, kwa hivyo wakati wa upepo baridi wa kusi uwafunike vizuri usiku. Lakini ni mzito, jogoo wake ana bei nzuri kwa wafugaji wenzako.

Fanyeni hivi. Chagueni majike bora watano sita na jogoo mmoja wabaki Kuchi watupu, wafungwe pingu ya uzi wa rangi mguuni mjue ni nani, na kila mwaka mbadilishane jogoo na watu wa Faza au Kizingitini wasizaane ndugu kwa ndugu. Wale wengine ndugu yako awapandishe anavyotaka, apate mayai yake. Mayai ya Kuchi mkiona ni machache mpeni kuku mwingine wa kienyeji anayeatamia, awaangulie, siku 21 ni zilezile.

Huyo wa kupiganisha mkatae, Kenya sheria inakataza kupiganisha wanyama na jogoo wa baba yenu ataishia kutolewa macho. Na hao Kuchi muwatie chanjo ya kideri pamoja na kuku wote wa Siyu siku moja, mkubaliane na mtaa, chupa ije na boti ya asubuhi kwenye barafu na iwe imekwisha kabla ya adhuhuri.